Postdoki ya kufundisha: mwongozo kwa mwenye PhD mpya hapa Nairobi

Kila muhula ukikaribia simu yangu inaanza. Mtu amemaliza PhD juzi, joho bado liko kwa mfuko wa nailoni, na maswali ni yale yale: hii postdoki ya kufundisha ni kitu gani hasa, inapatikana wapi, nikiingia nifanye nini, na je, si ni pati-taimu tu imepewa jina tamu? Nimejibu kwa WhatsApp mpaka vidole vimechoka, kwa hivyo nimeamua kuweka yote mahali pamoja.

Wacha nianze na hilo swali la mwisho kwa sababu ndilo limeumiza watu wengi. Postdoki ya kufundisha ni mafunzo ya baada ya PhD. Unapewa muda, mwaka mmoja mpaka mitatu hivi, unafundisha kidogo, mtu anayeijua kazi anakaa nyuma ya darasa akikuangalia, anakuambia ulipopoteza watu, unarekebisha, unarudia, na unatoka na ushahidi mkononi. Kama hakuna mtu anayekuangalia, hiyo ni kazi ya kufundisha tu, hata barua iandikwe nini hapo juu. Shika hilo, kwa sababu karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatoka hapo.

Na mbona uhangaike? PhD imekufundisha kushikilia swali moja miaka minne, mitano, peke yako. Halafu Jumatatu moja unapewa yuniti, yaani somo moja la muhula, ya mwaka wa kwanza, watu mia tatu, nusu wamekaa kwa ngazi. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile CUE, tangu 2014 zinataka mhadhiri awe na PhD, sawa, lakini PhD yenyewe hakuna mahali ilikufundisha kusimama mbele ya hao mia tatu. Na kuna hili pia, wale watoto wa mtaala mpya, waliokua wakifanya kazi kwa vikundi na miradi, wanaingia vyuo vikuu 2029. Hiyo si mbali. Wewe ndiye utakuwa mbele yao.

Wenzetu wa nje wameipa hii kitu muundo. Marekani, NIH, zile taasisi za taifa za utafiti wa afya, walianzisha programu ya IRACDA mwaka 1999, ambapo mwenye PhD alitumia kama robo tatu ya muda wake kwa utafiti na robo kwa kujifunza kufundisha, na alienda kufundisha chuo kingine mshirika, tofauti na pale maabara yake iko. Kanada, kwa Chuo Kikuu cha British Columbia, kuanzia 2007 mradi wa Carl Wieman, yule aliyeshinda Nobel ya fizikia 2001, uliweka wenye PhD ndani ya idara na kazi yao ikawa kukaa na mhadhiri na kurekebisha kozi, moja baada ya nyingine. Mimi huo wa Kanada ndio naupenda zaidi kwa hali yetu, kwa sababu hauhitaji jengo wala maabara mpya, unahitaji watu wawili na kozi moja. IRACDA usikeshe ukitafuta fomu yake, masharti yake yalitaka raia wa Marekani au mwenye makao ya kudumu huko.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- PhD iliyokamilika, au barua ya kuonyesha umetetea tasnifu na unangoja kuhitimu.
- Yuniti moja unayoweza kufundisha hata ukiamshwa saa tisa usiku. Moja tu. Ile inayofuata utajifunza baadaye.
- Mtu wa kukuangalia. Si lazima awe profesa, si lazima awe wa fani yako. Awe amefundisha miaka kadhaa na awe mtu anayeweza kukuambia ukweli bila kukuvunja.
- Daftari la karatasi. Nasema la karatasi kwa sababu laptopu utaifunga, daftari utaandikia hata ndani ya matatu.
- Siku mbili kwa wiki za utafiti ambazo zimeandikwa mahali.
- Pesa ya kukuvusha miezi mitatu, kama una namna yoyote ya kuiweka. Malipo ya vyuo yanajulikana yanavyochelewa, na mtu mwenye njaa hafundishi vizuri.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta nafasi, na ukikosa, itengeneze.

Nafasi zenye jina hilo kamili hapa Nairobi ni chache. Mara nyingi utakuta postdoki ya utafiti, na ndani yake kuna nafasi ya kufundisha ukiomba. Angalia tovuti za vyuo vyenyewe, na uulize idarani kwa sababu nyingine hazifiki kwa tangazo. Pia kuna PASGR, shirika la utafiti wa jamii na utawala Afrika, wako hapa hapa Nairobi, wana programu yao ya PedaL ya kunoa wahadhiri kwa mbinu za kufundisha, hiyo ukiipata ichukue. CIRTL nao, muungano wa vyuo vya Marekani na Kanada, wamekuwa na kozi ya bure mtandaoni ya kufundisha sayansi, unahitaji bando na subira tu.

Ukikosa zote, usikae nyumbani ukingoja. Kama uko kwa postdoki ya utafiti au unafundisha pati-taimu, mwandikie mkuu wa idara. Ujumbe mfupi, wa heshima, wenye ombi moja. Huu hapa ndio mimi huwapa watu:

"Habari ya asubuhi Prof. Naomba muhula huu nichukue yuniti moja ya mwaka wa pili, na kwa ruhusa yako Daktari fulani akae darasani mara tatu aniangalie nikifundisha. Mwisho wa muhula nitakuletea ripoti ya kurasa mbili. Nikuone lini, Prof?"

Ile ripoti ya kurasa mbili ndiyo hufungua mlango. Mkuu wa idara anaona hapa kuna kitu atakionyesha wakaguzi wa ubora wakija.

2. Maneno yaandikwe kabla ya somo la kwanza.

Hapa ndipo wengi huanguka, na mimi nilianguka. Chuo changu cha kwanza tulikubaliana kwa mdomo, yuniti moja. Wiki ya pili zikawa tatu kwa sababu kuna mhadhiri alisafiri, wiki ya nne ikaja nyingine ya jioni kule tawi la mjini, saa kumi na moja unusu mpaka saa mbili unusu, na mimi nikasema sawa kila mara kwa sababu niliogopa kuonekana sina shukrani. Kufika Machi nilikuwa sijafungua data yangu ya utafiti tangu Januari. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameingia darasani kwangu. Mwaka ukaisha nikatoka na uchovu na barua ya mistari minne.

Kwa hivyo karatasi moja iwe na haya: yuniti ngapi kwa muhula (moja muhula wa kwanza, mbili baadaye, usivuke hapo), siku za utafiti, jina la atakayekuangalia na mara ngapi, nani anasahihisha CAT, ile mitihani midogo ya ndani ya muhula, darasa likizidi watu mia moja, na malipo yanatoka kwa nani tarehe gani. Tuma kwa barua pepe ukisema "kama tulivyokubaliana jana, Prof". Hata kama hakuna sahihi, ile barua pepe ipo.

Na usidanganywe na hesabu. Vyuo vingi yuniti moja huhesabiwa saa 45 za darasani. Kwangu, muhula wa kwanza, kila saa ya darasa ilikula saa tatu au nne za kuandaa, bado kusahihisha, bado vijana wanaokungoja mlangoni. Ukichukua nne umechukua kazi za watu wawili.

3. Kaa nyuma ya madarasa ya wengine.

Wiki mbili za kwanza omba uingie kwa watu watatu: mmoja anayesifiwa na wanafunzi, mmoja wa fani tofauti kabisa, na mmoja anayefundisha darasa kubwa sana. Usiandike alichofundisha. Andika alichofanya: alingoja sekunde ngapi baada ya kuuliza swali, simu zilitoka dakika ya ngapi, alifanya nini mtu aliposema jibu lisilo sahihi. Hiyo ya mwisho iangalie sana. Darasa lote linapima usalama wake hapo.

4. Panga yuniti ukianzia mwisho.

Watu wengi hufungua silabasi, wanagawanya mada kwa wiki 14, kwisha. Anza na mtihani. Andika maswali matano ambayo ungependa mwanafunzi wako aweze kuyajibu mwisho wa muhula, halafu rudi nyuma ujiulize, ili aweze hili, wiki ya sita lazima awe amefanya nini kwa mkono wake? Malengo ya mpango wa kozi yaandike kwa vitenzi unavyoweza kuvisahihisha: akokotoe, alinganishe, achore, atetee. "Aelewe" huwezi kuipa alama.

Ukifanya hivyo utagundua robo ya slaidi haina kazi. Zitoe. Najua inauma, nilizitoa zangu nikiziangalia kama mtu anayegawa nguo za marehemu, lakini zitoe.

5. Badilisha dakika kumi tu za somo.

Ukirudi kutoka kwa warsha utataka kugeuza kila kitu siku moja. Usifanye hivyo, utachoka na wanafunzi watachanganyikiwa. Chukua dakika kumi kwa kila somo, na hizo zifanye vizuri.

Mfano wangu, yuniti ya takwimu mwaka wa pili. Nilikuwa nafundisha tofauti ya wastani na mediani, yaani ile namba ya katikati ukizipanga zote kwa mstari. Miaka miwili nilieleza kwa fomula, wakaandika, wakafeli swali lile lile kwa CAT. Sasa nafanya hivi. Naandika ubaoni: duka moja Gikomba lina wafanyakazi tisa, kila mmoja analipwa 20,000 kwa mwezi, na mwenye duka anachukua 400,000. Wastani ni 58,000. Mwenye duka akijiongezea afike 800,000, nini kitabadilika? Kidole kimoja, wastani peke yake. Viwili, mediani peke yake. Vitatu, zote mbili.

Nawapa dakika moja ya kimya, kila mtu na kichwa chake. Halafu vidole mbele ya kifua, si juu hewani, ili jirani asiibe. Naangalia. Kama watu chini ya asilimia 30 wako sawa, swali limewazidi, narudi kueleza. Zaidi ya 70, tunaendelea. Hapo katikati ndipo kuna utamu: nawaambia geukia jirani yako mwenye kidole tofauti, mshawishi. Dakika tatu. Ukumbi unalipuka. Unasikia "wewe, huyo wa katikati bado analipwa 20,000, mwenye duka hata achukue milioni!" na hapo unajua kazi imefanyika, na haikufanywa na wewe. Tunapiga kura tena, wengi wanahamia kidole kimoja, namalizia kwa sentensi mbili: wastani umeruka mpaka 98,000, mediani haijasonga.

Hii mbinu ni ya Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alianza kuitumia 1991. Haihitaji projekta wala stima. Darasa la watu 400 lina vidole vya kutosha.

Tahadhari moja. Ukiuliza swali, ngoja. Mary Budd Rowe alipima hii kitu miaka ya sabini akakuta walimu hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu au kumrukia mwingine, na wakingoja tatu na zaidi majibu yanakuwa marefu na watu wapya wanaanza kuongea. Sekunde tatu mbele ya watu ni ndefu kama foleni ya Thika Road Ijumaa jioni. Hesabu kimya kimya, moja, mbili, tatu, nne, tano, ukiwa umeshika kalamu.

6. Alika mtu akuangalie. Hii ndiyo postdoki yenyewe.

Mara tatu kwa muhula: wiki ya tatu, ya saba, ya kumi na moja. Mtu huyo asiwe yule anayeweka sahihi kwa mkataba wako, kwa sababu utafundisha ukimfurahisha yeye badala ya kufundisha darasa.

Kabla, kaeni dakika kumi na tano. Mwambie kitu kimoja unachotaka akiangalie. Ukimwambia "angalia tu kila kitu" atarudi na "ilikuwa nzuri, ongeza sauti", na hiyo haikusaidii chochote.

Wakati wa somo, achore mistari kwa daftari, kila dakika mbili aandike nani anafanya nini: mwalimu anaongea, mwanafunzi anauliza, wanajadiliana, kimya, wanaandika. Kuna fomu rasmi ya namna hii inaitwa COPUS, ilitoka 2013, lakini mistari ya mkono inatosha kabisa.

Yangu ya kwanza sitaisahau. Daktari mmoja wa idara jirani, mama mtulivu, alikaa karibu na mlango wa nyuma dakika 110 bila kuinua kichwa sana. Baadaye tulishuka kantini, akaagiza chai na mandazi, akaniuliza kwanza, "Wewe mwenyewe umeonaje?" Nikasema naona walishiriki, niliuliza maswali mengi. Hakubishana. Akageuza daftari likanitazama. Maswali 14. Kumi na moja nilikuwa nimejijibu mwenyewe. Matatu yaliyobaki yote yalijibiwa na vijana wawili wa safu ya mbele, hao hao. Nilitaka kujitetea lakini karatasi ilikuwa pale. Akamega mandazi akasema, "Wiki ijayo chagua maswali manne tu, uyaandike, na usijibu hata moja." Miaka yangu yote ya PhD sikuwahi kupata maoni mafupi na yenye msaada kama hayo.

Baada ya somo, zungumzeni ndani ya siku mbili, kabla hamjasahau. Toka na mabadiliko mawili, si tisa. Na wewe mwenyewe nenda ukae darasani kwake siku moja, ni adabu, na utajifunza.

7. Waulize wanafunzi wiki ya tano.

Zile fomu za tathmini za mwisho wa muhula zinakuja wakati huwezi kumsaidia aliyezijaza. Wiki ya tano toa vikaratasi, bila majina, maswali mawili: ni nini kinakusaidia, ni nini hakieleweki. Dakika tano. Somo linalofuata anza kwa kuwaambia ulichosoma na utakachobadilisha, na kile ambacho hutabadilisha na sababu yake. Ukikusanya maoni ukanyamaza, wamekwisha kukuzoea, hawatakuambia ukweli tena.

8. Alama zichunge kama pesa.

Unajua habari ya alama zinazopotea, kila mtu aliyesoma chuo cha umma hapa ana hadithi yake au ya ndugu yake, mtu amekosa kuhitimu kwa sababu ya CAT moja ya mwaka wa pili. Usiwe chanzo. Kila karatasi ikija hesabu mbele ya kiongozi wa darasa, mwandikishe idadi. Jaza alama siku ile ile uliyosahihisha, weka nakala tatu sehemu tofauti, na ukipeleka ofisi ya mitihani upate sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Usitume orodha ya majina na alama kwenye kundi la WhatsApp la darasa, sheria ya kulinda data binafsi ya 2019 inakuhusu na wewe, na hata bila sheria, kuna mtoto anaona aibu hapo.

9. Faili ya ushahidi, anza siku ya kwanza.

Boksi faili moja au folda moja. Ndani: mpango wa kozi wa kwanza na ule uliorekebisha, kurasa za daftari la mwangalizi zote tatu, vikaratasi vya wiki ya tano, mfano wa CAT kabla na baada, kazi za wanafunzi wachache (futa majina, omba ruhusa). Kila Ijumaa andika mistari mitano: nilijaribu nini, ilienda vipi, nabadilisha nini.

Kutoka kwa faili hiyo ndiyo utaandika ile taarifa yako ya ufundishaji ya kurasa mbili wanayoitisha kwa maombi ya kazi. Usianze na "naamini katika kumweka mwanafunzi katikati", kila mtu anaandika hivyo. Anza na Gikomba yako. Na ukitaka cheti kinachotambulika nje, Advance HE, shirika la elimu ya juu la Uingereza, hutoa ngazi nne, kuanzia Associate Fellow kwa anayeanza, halafu Fellow, Senior na Principal, na wanapima kwa ushahidi wa kazi yako mwenyewe kufuata viwango vyao vilivyorekebishwa 2023. Walio nje ya Uingereza wanaweza kuomba, ila ulizia gharama kwanza na uulize kama chuo chako ni mwanachama.

10. Utafiti usiuache njiani.

Nakuambia ukweli hata kama ni mchungu: kupandishwa cheo hapa kwetu bado kunaangalia sana machapisho. Mimi naona si haki kwa mwalimu mzuri, nimelisema kwa vikao na nitaendelea kulisema, lakini wewe usijitoe mhanga peke yako. Zile siku mbili zilinde. Simu izime, nenda maktaba ya chuo kingine kama lazima.

Njia nzuri ya kuunganisha ni kutafiti darasa lako mwenyewe. Lakini ukitaka kuchapisha, idhini ya kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, ziombe kabla ya kukusanya data. Vikaratasi vya kujirekebisha ni kitu kimoja, data ya kuchapisha ni nyingine. Nimeona makala nzuri ikikwama kwa sababu barua ya maadili ilikuwa na tarehe ya baada ya mtihani.

Mambo yakikwama

*Mkuu wa idara ameongeza yuniti.* Usikatae kwa hasira wala usikubali papo hapo. "Sawa Prof, nipe mpaka kesho niangalie ratiba." Kesho rudi na ile barua pepe ya hatua ya pili na uulize, "Nikichukua hii, tuondoe ipi?" Mara nyingi hiyo nyingine itapata mtu.

*Wanafunzi hawaongei kabisa.* Usiwalaumu, wamefundishwa miaka kumi na mbili na zaidi kwamba anayekosea huchekwa. Anza na kuandika, halafu wawili wawili, halafu ndiyo ukumbi mzima. Lugha pia ni kitu: kwa mjadala wa jirani waache waongee Kiswahili, Sheng, chochote, jibu rasmi litakuja kwa Kiingereza baadaye. Wiki mbili tatu utaona.

*Mwanafunzi amelalamika kwamba hufundishi, unawaachia kazi.* Hii huja wiki ya tatu hivi. Waonyeshe swali la CAT lililofanana na lile walilojadili. Wakiona kura za vidole zinageuka alama, kelele hupungua.

*Mhadhiri mkubwa anasema huu ni mchezo wa chekechea.* Mpe namba, kwa upole. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati wakakuta waliofeli ni asilimia 33.8 pale mwalimu anahutubia tu, na 21.8 pale wanafunzi wanashughulishwa. Halafu mkaribishe aje akae nyuma siku moja. Wengine huja, na wakija huwa waangalizi wazuri kuliko wote.

*Mwangalizi hapatikani.* Rekodi sauti yako kwa simu iliyo mfukoni, sauti yako peke yako, na waambie wanafunzi unafanya hivyo. Jioni sikiliza dakika ishirini, hesabu maswali na umejijibu mangapi. Si sawa na mtu, lakini itakushtua vya kutosha, na mwezi ujao mtafute mwingine.

*Stima imepotea, projekta imekufa.* Uwe na toleo la ubaoni la kila somo, ukurasa mmoja. Darasa la jioni bila taa, waache waende mapema, kuna wa Rongai na wa Kitengela wanawahi matatu, na mfidie Jumamosi kwa makubaliano na kiongozi wao.

*Mgomo.* Ule wa 2025 wa vyuo vya umma ulizidi mwezi mzima, kwa hivyo usiseme hautakupata. Kabla ya muhula weka alama kwa mpango wa kozi: mada zipi haziwezi kuachwa, zipi zinaweza kuunganishwa. Mkirudi usikimbize mada kumi kwa wiki tatu. Fundisha zile tano, tunga mtihani wa zile tano, na mwambie mtahini wa nje kwa barua ni zipi zilizoachwa na kwa nini. Nakala ya hiyo barua iingie kwa faili.